Ulimi wa Astamaya

Nianze na mimi mwenyewe, maana nisipojitaja mapema nitashawishika kujificha huko mbele. Naitwa Hera, mjane, nina miaka sitini na mbili, na naishi mjini Patan katika nyumba aliyozaliwa baba yangu. Mume wangu alipofariki nilirudi kwetu na sanduku moja na mdomo wangu huu, na mdogo wangu Bekhanarayan akanipa chumba cha chini, karibu na stoo ya mpunga. Mkewe ndiye Astamaya, na ndiye ninayemsimulia hapa.

Watu husema wifi na wifi ni paka na panya. Sisi hatukuwa hivyo. Tulikuwa mikono miwili ya kazi moja: mimi napika aila, yeye anaonja. Aila ni pombe kali ya mchele, na kwetu sisi Wanewar hakuna jambo linalokwenda bila hiyo. Mtoto akizaliwa, aila. Mzee akifa akachomwa, watu wakirudi kutoka mtoni, aila. Miungu yenyewe ukiipelekea nyama bila aila, hailipokei lile sinia. Napanga vyungu vyangu jikoni, kimoja juu ya kingine, cha juu kabisa nakijaza maji ya baridi. Mvuke unapanda, unakutana na ule ubaridi, unadondoka. Maji ya juu yakipata moto nayamwaga natia mengine. Inayotoka kwenye maji ya pili ni kali, ukiirusha kwenye moto inawaka. Ya maji ya sita ni ya kuwapa wageni unaotaka waondoke mapema.

Na Astamaya alikuwa na ulimi. Ukimtilia tone kwenye kidole alikwambia maji ya ngapi, mchele wa mwaka huu au wa mwaka jana, na kama mpishi aliuacha moto akaenda kupiga umbea. Mtaa mzima walimwita kabla ya karamu. Hakuna aliyethubutu kumimina mbele ya wageni kitu ambacho Astamaya hajakipitisha. Sifa yangu mimi ilikuwa kumimina. Birika la shaba la mdomo mrefu nalinyanyua juu ya kichwa changu, nashusha uzi mmoja mwembamba mpaka kwenye kibakuli kilichoko chini, na sikumwaga hata tone tangu nilipokuwa mwari. Kwenye karamu wanaume walikuwa wanaacha kula kunitazama. Sijisifu. Au najisifu, haya.

Mnataka kujua ulevi ulianza lini. Hata mimi nataka. Kwetu mtoto wa miaka tisa anapewa pombe nyeupe ya mchele shambani apate nguvu ya kubeba matita, na hakuna anayeita huo ulevi, ni chakula. Kwa hiyo hatukuwa na jicho la kuuona. Aliyelala mtaroni ndiye mlevi. Astamaya hakulala mtaroni. Aliamka alfajiri, alifagia ua, alipeleka maua kwa mungu Ganesh wa mtaani, na kabla ya chai akapitia kwenye mitungi yangu kuonja. Kisha kabla ya chakula cha mchana. Kisha mikono ikaanza kumtetemeka mpaka aonje. Mimi nilikuwa najaza mtungi, nikirudi naukuta umepungua vidole viwili, na nikacheka, nikasema panya wa nyumba hii wana bahati. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Ila mficha maradhi nilikuwa mimi, si yeye.

Kifo kikaja kupiga hodi siku ya kupanda mpunga. Wanawake tulikuwa tumejipanga shambani, tope magotini, tunaimba, vijana wanarushiana matope. Astamaya akainama kama tulivyoinama wote, na hakuinuka. Akatapika. Maji ya shambani pale alipokuwa yakageuka mekundu, na ule wekundu ukasogea taratibu mpaka kwenye miche ya jirani yake. Wimbo ukakatika.

Hospitalini tulikuta daktari wa kike, mdogo kuliko viatu vyangu, asiyejua kuzungusha maneno. Akatuambia mimi na Bekhanarayan, Astamaya mwenyewe akiwa pale kitandani anasikia, kwamba ini limeharibika lakini halijafa lote. Akiacha kabisa, hata tone asiguse, anaweza kuishi akazeeka. Akianza tena, hata kidogo, hatamaliza mwaka. Kisha akaandika namba ya simu kwenye karatasi akasema hawa walioacha pombe ni watu wazuri, nendeni. Nikaichukua ile karatasi nikafungia tangawizi.

Bekhanarayan hakuwa mtu wa kukaa bure. Akampeleka kwa mganga wa ng'ambo ya mto, akapungwa kwa mchele na ufagio, akafungwa uzi shingoni. Akapelekwa kwa mwingine, uzi wa pili. Kufikia mwisho wa mwezi alikuwa na nyuzi tano shingoni na harufu ile ile mdomoni. Alikuwa anakunywa kwa kujificha, akilia huku anakunywa. Nilimkuta mara moja stooni, kikombe mkononi na machozi yanadondokea humo humo, akaniambia, "Wifi, siipendi tena. Naichukia. Na mkono unanyanyuka wenyewe." Nikamfunika shali nikatoka.

Ile karatasi aliiona yeye, siku anamenya tangawizi. Wala hakutuuliza. Akapiga simu mwenyewe, kisha ndipo akaja kutuambia. Bekhanarayan akakasirika, akasema walevi wakikutana na walevi watafanya nini kama si kunywa. Mimi nikamuunga mkono. Nikasema pia kwamba mambo ya nyumba yetu hayatapelekwa kwa watu tusiojua baba zao. Astamaya akasema, "Kwa waganga mlinipeleka bila kuniuliza, nikaenda. Huku nakwenda mwenyewe." Tangu aolewe sikuwahi kumsikia akikataa kitu.

Jumamosi nikamsindikiza, kumlinda, ndivyo nilivyosema. Tuliambiwa ni nyuma ya hekalu, juu ya duka la masufuria, saa nne asubuhi. Tukazunguka mara tatu. Hakuna kibao, hakuna alama yoyote. Mwisho nikamuuliza muuza chai wa pale kona, kwa sauti ya chini, kama anawajua watu fulani wanaokutana humo kwa ajili ya, yaani, ya tatizo la kunywa. Akanitazama, akamtazama wifi yangu, akasema kwa sauti iliyosikika mpaka hekaluni, "Walevi wa kunywa au wa kuacha? Wa kunywa ni hapo chini. Wa kuacha panda juu, mlango wa pili." Nilitaka ardhi inimeze. Astamaya alikuwa ameshaanza kupanda ngazi.

Juu kulikuwa na viti vya plastiki, sufuria kubwa ya chai ya maziwa, biskuti kwenye sahani ya bati, na watu kumi na mmoja, mwanamke mmoja tu kati yao. Mwenye kuongoza alikuwa Purnaman, fundi wa sanamu za shaba, vidole vyake vyote vina makovu ya moto. Akasimama akasema, "Naitwa Purnaman, mimi ni mlevi. Mwaka wa kumi na moja huu sijagusa." Wote wakamjibu, "Karibu, Purnaman." Nikajisemea moyoni, huyu naye ana wazimu. Kaacha miaka kumi na moja, bado anajitukana mbele za watu, na watu wanamkaribisha kwake mwenyewe. Wakaendelea hivyo mmoja mmoja. Mmoja aliuza mashine ya kushonea ya mkewe. Mwingine alimwangusha mwanawe ngazini. Walisema kama mtu anayetaja bei ya viazi, na hakuna aliyeguna.

Astamaya alikaa kimya Jumamosi tano. Ya sita akasimama, akashika ncha ya sari yake, akasema, "Naitwa Astamaya. Mimi si mlevi. Mimi huonja tu."

Yule mwanamke mwingine akaangua kicheko, na chumba kizima kikafuata, na Astamaya mwenyewe akacheka mpaka akakaa chini, na kicheko kikageuka kilio. Purnaman akamsubiri amalize. Akamwambia, "Karibu, Astamaya. Hapa sote tulikuwa waonjaji." Njia nzima ya kurudi alinishika mkono wa blauzi kama mtoto. Siku ile hakugusa. Wala siku iliyofuata.

Hapo ndipo maneno yakaanza kati yangu na huyo Purnaman. Alinishika pale mlangoni akaniomba, kwa heshima, mama, mama, nisipike tena aila nyumbani kwetu. Nikamuuliza mizimu ya nyumba ile itakunywa chai? Akasema hajui mizimu itakunywa nini, anajua tu wifi yangu atakunywa nini. Nikamchukia kwa lile jibu, kwa kuwa lilikuwa la kweli. Nikaihamishia mitungi kwenye dari ya jirani, vyungu nikavifungia stooni, ufunguo nikautia kwenye mkanda wangu. Mtaa ulipokuja kumwita Astamaya kuonja, nilisimama mlangoni nikasema ulimi wake unaumwa. Nilifanya hayo yote. Nataka ijulikane kwamba nilifanya.

Na akapona, jamani. Sijui niseme vipi. Manjano ya macho yakaondoka. Akanenepa mashavu. Mikono ikatulia, akaanza tena kufuma sufu, soksi na kofia, nyumba nzima tukavaa kofia alizofuma. Usiku nilikuwa namsikia akicheka na mumewe kupitia sakafu, na mimi kule chini nikasema asante kwa mungu yeyote aliyekuwa macho. Kila Jumamosi alivaa sari safi akaenda. Kwanza tulikwenda wote. Baadaye wakaniomba niwe nasubiri chini kwa muuza chai, kwa kuwa mambo ya humo ni ya wenyewe. Basi nikawa nakaa pale kona na glasi yangu, nasikia wanavyocheka juu, na namsikia yeye kati yao.

Nitasema jinsi ilivyokuwa: niliona wivu. Miaka ishirini na mbili tulikaa jiko moja, na sasa alikuwa na maneno yake aliyoyapata kule, anasema leo tu, naishi leo tu, kesho si yangu. Akisononeka hakuja kwangu, alimpigia simu yule mwanamke mwingine. Nilikuwa wifi, nikawa mpangaji. Nani atanilaumu? Wengi, najua.

Mwaka ukazunguka. Tukapanda mpunga tena, yeye akiwa shambani, wa kwanza kuimba, na Jumamosi moja, mvua zikielekea kwisha, wakamfanyia sherehe kule juu. Walituruhusu siku hiyo tuingie. Keki yenye mshumaa mmoja, na kisarafu cha bati chenye tarakimu ya moja, ambacho Purnaman alikizungusha mkono kwa mkono, kila mtu akishike kidogo, mpaka kikamfikia. Kila mtu alilia. Bekhanarayan alilia, mtu ambaye hakulia baba alipokufa. Nami nikakitazama kile kisarafu nikasema moyoni: haya, keki. Mtu amefufuka wanampa keki ya dukani. Sisi watu wake tutaonekana hatuna kitu?

Kwetu mtu akifanikiwa jambo kubwa anapewa sagun. Anakalishwa kwenye mkeka, taa inawashwa, anapakwa mtindi kwenye paji, kisha anawekewa yai la kuchemsha na samaki mkavu kwenye kiganja kimoja, na kwenye kingine kibakuli cha aila. Anapiga funda, anajaziwa, mara tatu. Ndiyo baraka yenyewe. Aliyefaulu, aliyesafiri akarudi, aliyenusurika ugonjwa, wote hupewa. Mimi nilipewa nilipotoka hospitali ya macho. Sasa niambieni, Astamaya amenusurika kifo, amefaulu mwaka mzima, apewe nini? Nilipomwambia Bekhanarayan akaona ni sawa. Majirani wakaona ni sawa. Hakuna kichwa hata kimoja katika ua ule kilichosimama kikasema ngoja kwanza. Hatukuiweka sagun na pombe kwenye kapu moja. Pombe ni ile anayokunywa mtu stooni akilia. Sagun ni mkono wa mungu mke.

Ipo sagun ya mtindi peke yake. Niliijua. Ni ya watoto wanaokwenda kufanya mtihani, na mimi sikutaka kumpa kitu cha kitoto.

Nikatoa vyungu stooni, nikapika kwa mara ya kwanza ndani ya nyumba ile baada ya mwaka, nikiwa nimefunga mlango wa jiko. Jioni ile ile ua ulijaa. Tukamkalisha kwenye mkeka, amevaa sari nyekundu ya harusi yake, kisarafu chake amekishikilia ndani ya ngumi. Nikampaka mtindi. Nikamfungua ngumi ile mimi mwenyewe, nikakiweka kisarafu pembeni kwenye sinia, nikamwekea yai na samaki. Alipoona birika akaniangalia. Akasema kwa sauti ndogo, sidhani kama mwingine alisikia, "Wifi, mtindi unatosha."

Nikainama kama ninayemnyoosha sari, nikamjibu, "Usinitie aibu mbele ya watu. Hii si pombe, ni baraka."

Akawatazama watu. Wote walikuwa wanatabasamu, wanampenda, mumewe ameshika simu anampiga picha. Kukataa sagun ni kuikata baraka ya nyumba nzima, na yeye alikuwa mke wa nyumba, amelelewa hivyo. Akanyoosha kiganja. Nami nikanyanyua birika juu ya kichwa changu nikashusha. Siku ile nilimimina vizuri kuliko siku zote za maisha yangu. Watu walishangilia.

Akanywa ya kwanza akafumba macho. Nikajaza. Ya pili nikaona koo lake na shavu lake, jinsi alivyoizungusha mdomoni, na nikajua ulimi umeamka. Nikajaza ya tatu. Angeweza mtu kuniambia simama hapo? Desturi ni tatu. Alipomaliza akafumbua macho akasema, taratibu, kama zamani, "Maji ya pili. Mchele wa mwaka jana." Ua mzima ukacheka kwa furaha. Nilicheka mimi kuliko wote.

Siku mbili hakuna kitu. Siku ya tatu alikuja jikoni akaniuliza kama kuna mtungi wa kuonja kwa ajili ya sikukuu. Nikasema hakuna. Akasema sawa. Siku ya tano jirani akaniambia kwamba dari yake ina panya. Jumamosi ile hakwenda kwenye kikundi. Alisema kichwa kinamuuma. Iliyofuata alikwenda, akarudi kabla ya saa, na kile kisarafu hakuwa nacho. Nilimuuliza kiko wapi. Akasema amekirudisha, kwa kuwa si chake tena, inabidi ahesabu upya kutoka moja, na yeye hana nguvu ya kuhesabu upya.

Mpaka sikukuu ya Mohani inafika, alikuwa anakunywa vibandani waziwazi, huko wanakokaa wabeba mizigo. Bekhanarayan alimpiga mara moja, mara moja tu, kisha akaketi ngazini akajishika kichwa. Tulimrudisha kwa yule daktari. Hakuandika namba yoyote safari hii. Alimbonyeza tumbo, ambalo lilikuwa limejaa maji, akamvuta kope akaangalia, akatuambia tumpeleke nyumbani tumpe anachopenda kula. La kuvunda halina ubani.

Purnaman alikuja. Si mara moja. Alikuwa anakuja kila Jumamosi baada ya mkutano wao, na chai ya kikundi kwenye chupa. Siku ya kwanza alituuliza, bila hasira, akitaka tu kujua ili amsaidie: ilianzia wapi? Bekhanarayan akatazama dirishani akasema ni tamaa yake mwenyewe, marafiki wa zamani walimvuta. Mimi nilikuwa nimekaa pale pale, namenya vitunguu saumu. Nikaendelea kumenya. Astamaya alikuwa amelala kwenye godoro, macho wazi, na hakunitaja. Hajawahi kunitaja kwa mtu yeyote. Kikulacho ki nguoni mwako, na yeye aliificha ile nguo.

Huu ni mwezi wa baridi. Asubuhi tunampandisha darini akae kwenye jua, amefungwa shali mbili na kofia aliyoifuma mwenyewe mwaka ule. Miguu imevimba, mikono imekuwa vijiti. Hatumpi kitu, Bekhanarayan amekataza, ingawa daktari alisema haina tofauti tena. Kwa hiyo anatetemeka. Jua linawaka na anatetemeka.

Jumamosi iliyopita nilipanda na uji wake. Akausukuma. Akaniambia nimletee birika. Nikajifanya sikusikia, nikaanza kumsimulia habari za ng'ombe wa jirani. Akanishika mkono. Vidole vilikuwa baridi kama vya mtu aliyetoka kufua.

"Wifi," akasema, "siku ile sikutaka, ukanipa. Leo nataka, unaninyima?"

Hakusema kwa uchungu. Aliniuliza tu, kama mtu anayeuliza njia. Nilitafuta la kusema. Mimi huyu, ambaye mtaa mzima unajua sikosi neno, nilitafuta mpaka nikachoka. Nikashuka stooni, nikafungua kwa ufunguo wangu, nikajaza birika la maji ya pili, nikachukua kibakuli kile kile. Nilipanda nimelificha chini ya shali. Sikulinyanyua juu ya kichwa. Nililishika kwa mikono miwili, mdomo wa birika ukigusa ukingo wa kibakuli, na bado nikamwaga kwenye shali yake. Akanywa. Mtetemeko ukapungua kidogo, nikaona mabega yake yakishuka.

Mara nikasikia hodi chini. Nikaacha birika pale nikashuka. Alikuwa Purnaman, chupa ya chai mkononi, anahema kwa ngazi za ua wetu. Akauliza hali ya mgonjwa. Nikamwambia amelala. Alinitazama, kisha akavuta pumzi, na mtu aliyewahi kunywa miaka yake yote hahitaji kuambiwa ile ni harufu ya nini mikononi mwa mwanamke. Nilingoja anitukane. Ningefurahi angenitukana.

"Basi nitamsubiri, mama," akasema. "Sina haraka." Akakaa kwenye ngazi ya chini, akaweka chupa katikati ya miguu yake.

Nikapanda tena kumwambia Astamaya kwamba Purnaman yupo, kwamba amemletea chai. Alikuwa amenyoosha mkono, kibakuli kitupu kiganjani, anakilenga kwangu kama ninavyowafundisha mabinti kupokea.

"Ni mara tatu, wifi," akasema.

Nikammiminia.